Barua Niliyokataa Kukuandikia

Ngara mjini, Jumanne

Odetha mwanangu,

Kesho asubuhi unaondoka, na mambo ya safari tumeshayamaliza. Sitakukumbusha vyeti, viko kwenye bahasha ya kaki na unajua ulipoiweka. Sitakufundisha namna ya kuishi na shangazi yako kule Nyarubungo ukikosa kazi. Yule ni dada wa marehemu baba yako, mtagombana wenyewe na mtapatana wenyewe. Umeme umekatika hapa dukani tangu saa nne, kompyuta zimenyamaza, wateja wakichungulia wakaona giza wanaenda zao. Nimebaki na kalamu.

Nataka nijibu swali uliloniuliza mwezi uliopita. Ulisimama hapa hapa mbele ya meza, ukaniambia, "Mama, Ngara nzima unawaandikia watu barua za kazi, halafu mimi mwanao unanikataa?" Nikakujibu kuwa nina kazi nyingi. Ulikuwa uongo. Siku ile sikuwa na hata mteja mmoja. Uliondoka umenuna, ukaandika mwenyewe, na sasa wamekuita kwenye usaili Biharamulo. Kabla hujapanda gari nataka ujue kwa nini nilikataa, na ujue nilichofanya baada ya pale. Hilo la pili hutalipenda.

Miaka ile ya makambi ya wakimbizi, mji huu ulijaa magari meupe ya mashirika. Kila aliyemaliza kidato cha nne alitaka kuingia humo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa tunakaa Mbuba. Babu yako ndiye alikuwa mtunza ghala la kahawa la kijiji, na alipoumia mgongo, mimi niliishika kazi yake kwa misimu miwili bila mtu kunitambua kuwa ni mfanyakazi. Siku moja likabandikwa tangazo kwenye ubao wa wilaya: shirika moja linatafuta karani wa stoo. Nikakata karatasi nne katikati ya daftari nikaanza kuandika.

Niliandika kama tulivyofundishwa shuleni. Mimi ni msichana mwaminifu, mchapakazi, mwenye afya njema, niko tayari kufanya kazi mahali popote. Nikamsomea baba akiwa amelala kwenye mkeka. Akacheka mpaka mgongo ukamuuma, akashika kiuno huku bado anacheka.

"Yewe Speratha! Mwaminifu kwa nani? Hata mwizi angeandika hivyo hivyo. Hao watu hawakujui. Waambie ulichofanya."

Nilikasirika, maana nilidhani ananidharau. Lakini niliichana. Nikakaa nikajiuliza nimefanya nini hasa hapa duniani ambacho mwenzangu hajafanya, nikaona ni kidogo mno, nikakiandika hicho hicho kidogo. Sentensi yenyewe ninaikumbuka neno kwa neno: "Nimehesabu magunia ya kahawa katika ghara la kijiji chetu misimu miwili baada ya baba yangu kuumia mgongo, na Jumapili ambayo paa lilivuja niliyabingirisha magunia kumi na saba peke yangu kabla ya Misa ya pili, wala hakuna lililolowa." Niliandika ghara, kwa r. Ndivyo tulivyokuwa tunasema nyumbani, na hakuna aliyekuwepo wa kunisahihisha.

Bahasha zilipokelewa na karani wa mapokezi wa shirika lile. Aliitwa Felisiani. Tulikuwa tunaimba naye kwaya ya kigango, yeye besi, mimi sauti ya kwanza. Nilipomkabidhi bahasha yangu aliipima mkononi kama mtu anayepima nyama, akatabasamu.

"Dada Speratha, hii nitaiweka juu kabisa."

Nikamshukuru. Jumapili iliyofuata nikampelekea mkungu wa ndizi, mwanangu. Nilibeba kichwani kutoka Mbuba.

Sikuitwa. Karani wa stoo akawa Konsolata, binti wa fundi cherehani aliyekuwa amehamia hapa mjini, na binti huyo Felisiani alikuwa anamchumbia. Nikasema sawa, kazi ni bahati. Nikarudi kulima maharage, na nadhani ningesahau kabisa kama si mwaliko wa parokia.

Baada ya miezi kadhaa, parokia iliwaita vijana ukumbini kufundishwa namna ya kuomba kazi. Mfundishaji alikuwa mama wa makamo, afisa utumishi wa shirika lile lile. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye hata leo. Alituambia, "Nilisoma barua za maombi siku tatu mfululizo. Huyu mwaminifu, huyu mchapakazi, huyu naye mwaminifu. Ikafika mahali siwezi kutofautisha mtu na mtu. Halafu nikakutana na hii." Akatoa karatasi kwenye jalada, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alipofika kwenye magunia nilisikia masikio yanawaka moto.

"Ameandika ghara, kwa r," yule mama alisema akicheka kidogo, "lakini hata kosa hilo halikunizuia. Nilimwona msichana huyu. Nilimwona anabingirisha magunia. Nikasema huyu aitwe. Yuko hapa, Konsolata, hebu simama wenzako wakuone."

Konsolata akasimama mstari wa mbele. Baba yake hajawahi kuwa na ghala. Yeye mwenyewe alisomea Mwanza, l na r hazijawahi kumpiga chenga. Walinakili barua yangu kwa haraka kiasi kwamba walilinakili hata kosa langu.

Nikasimama. Sikumbuki kama niliamua. "Hiyo barua ni yangu," nikasema.

Yule afisa akashusha miwani. "Yako kivipi, binti?"

"Niliiandika mimi. Ghala ni la Mbuba. Mgongo ni wa baba yangu."

"Una nakala?"

Neno lile. Mpaka leo nikilisikia mahali linanichoma. Nilikuwa na nakala wapi? Nilikuwa na karatasi nne, tatu nikazichana, moja nikaitia kwenye bahasha.

"Sina," nikasema.

Felisiani alikuwa amesimama mlangoni anagawa kalamu. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti yake ya kwaya, "Afisa, msamehe. Dada yetu huyu aliomba akakosa. Tangu hapo hayuko sawa."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Konsolata hakucheka, alikaa chini akaangalia magoti yake. Mimi nikatoka, nikatembea kwa miguu mpaka Mbuba, nikafika miguu imevimba. Baba akaniuliza, "Wamekufundisha nini huko?" Nikamwambia, "Wamenifundisha kutoa nakala."

Odetha, watu wanasema mama yako ana akili ya biashara kwa sababu alifungua steshenari kabla ya wengine wengi. Nilifungua kwa hasira. Nilijifunza kupiga chapa kwa masista, nikaanza na taipureta kwenye kibaraza, nikaja kwenye kompyuta, na muda wote huo nilikuwa na wazo moja tu: mji huu ni mdogo. Siku moja Felisiani atahitaji karatasi, na karatasi hiyo itapitia mikononi mwangu. Nilingoja kama mtu anayengoja mahindi yakomae. Nilipoolewa na baba yako niliendelea kungoja. Nilipokuzaa niliendelea. Kanisani, padri akisema tupeane amani, niligeukia upande ambao Felisiani na mkewe Konsolata hawapo. Na kama walikaa pande zote mbili, niliinama kufunga kiatu. Wewe ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza, "Mama, mbona viatu vyako vinafunguka kila Jumapili?"

Usidhani chuki ile ilinifanya mtu mwenye haki kwa wengine. Barua zangu zilipoanza kusifiwa, watu wakawa wanapanga foleni, na mimi nikachoka kuwauliza mmoja mmoja amefanya nini maishani. Nikatunga barua moja nzuri. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikawa nabadilisha jina na anwani. Kijana mmoja wa Rulenge akarudi siku moja, hakugomba, alikaa tu kwenye benchi akaniambia:

"Mama, shikamoo. Tulikuwa kumi na wawili kwenye usaili. Tisa tulikuwa na barua yako. Aliyetusaili alizipanga mezani kama karata, akatuuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuokoa maisha ya ng'ombe wa jirani."

"Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia sina hata jirani mwenye ng'ombe."

Nilicheka kwa aibu. Mimi niliyeibiwa maisha yangu kwenye karatasi, nilikuwa nawauzia watu maisha ambayo si ya mtu yeyote. Niliifuta barua ile. Tangu hapo mtu akija namketisha, namuuliza. Wengi wanasema, "Sijafanya kitu mama, andika tu." Ninawaacha wakae. Baada ya muda mtu anasema, kwa sauti ndogo, kwamba aliwahi kuuguza bibi yake miaka miwili huku anasoma, au kwamba yeye ndiye anayeitwa pampu ya kijiji ikiharibika. Basi hapo ndipo tunaanzia. Nimesoma barua nyingi, na bado naona mambo ni yale yale aliyonicheka nayo baba: anayesoma hakujui, amechoka, na ana rundo mbele yake. Mpe kitu kimoja cha kweli anachoweza kukiona kwa macho. Akishakiona, atataka kukuona na wewe.

Ndiyo maana nilikukatalia. Niliogopa mkono wangu. Ningeandika, ingekuwa barua yangu tena, na wewe ungeingia mle ndani ukiwa umevaa sauti ya mtu mwingine, kama Konsolata. Nisamehe, lakini ulipoiacha yako wazi kwenye kompyuta niliisoma. Ile habari ya daftari la stoo la chama cha wakulima, ulipokuta kurasa zimechanwa ukaenda nyumba kwa nyumba kuuliza kila mkulima alileta debe ngapi, mpaka wazee wakaanza kukuita karani wa kuzunguka. Hukuwahi kuniambia kuwa uliumwa na mbwa wa watu katika kazi hiyo. Hilo nililisoma kwenye barua ya kazi kama mgeni. Kuna sentensi moja chini ningeifuta. Sikuigusa. Nilifunga kompyuta nikaenda nyuma ya duka nikakaa kwenye ndoo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Siku mbili baada ya wewe kutuma maombi yako, Konsolata aliingia hapa na binti yake, Jovitha. Wewe unamfahamu kwa sura, mlipishana sekondari. Felisiani na Konsolata walikuwa hawajawahi kukanyaga duka langu. Kazi zao walikuwa wanapeleka kwingine. Lakini siku ile kwingine mtandao ulikuwa chini, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa kesho yake. Kazi ilikuwa ile ile yako, karani wa ghala la mazao Biharamulo. Nafasi moja.

Jovitha akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Alikuwa ameandika barua yake kwa mkono, alitaka nimchapie na kumtumia kwa barua pepe ya duka, maana ya kwake ilikuwa imemgomea. Nikaanza kuchapa. Ilikuwa barua nzuri, Odetha. Sikupenda kuona hivyo lakini ilikuwa nzuri. Ilikuwa yake. Alieleza alivyokuwa anapima unyevu wa mahindi ya jirani zao kwa chupa na chumvi, kwa sababu kipimo hakuna, na mara moja alivyokosea na mahindi ya mjane mmoja yakaoza, na alivyoenda kumwambia. Kosa lake mwenyewe aliliandika kwenye barua ya kuomba kazi! Nilifikiria, huyu ana moyo.

Na naapa kwamba mpaka hapo nilikuwa sijafikiria ubaya. Nilikuwa nachapa tu. Ndipo Konsolata, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anajipepea na kitambaa, akasema:

"Mpangie vizuri, Speratha. Wewe barua zako zilikuwa zinaita tangu usichana wetu."

Akatabasamu.

Miaka yote nilikuwa najiambia pengine hakujua. Pengine Felisiani alimpa karatasi akamwambia andika, naye akaandika. Kumbe alijua, na alikuwa amelihifadhi hilo jambo kama sifa, kama kumbukumbu nzuri ya ujana ya kuchekea pamoja na mimi.

Nikachapisha nakala ya Jovitha, nikampa. Namba zote sahihi. Akaisoma, akaridhika. Kisha, kabla ya kutuma, nikarudi kwenye namba yake ya simu. Ilikuwa inaishia na saba. Nikaifanya moja. Nikatuma.

"Tayari, mwanangu," nikamwambia. Nilimwita mwanangu, Odetha, kwa kinywa hiki.

Nisikudanganye kwamba nilifanya kwa ajili yako. Ukishika hivyo utakuwa umenitetea bure. Nilifanya kwa ajili yangu, kwa ajili ya msichana aliyetembea mpaka Mbuba. Na nilifurahi. Siku ile nilipika nyama katikati ya juma ukaniuliza kuna sikukuu gani. Nililala usingizi mzuri siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Mtu akikuambia kisasi hakina ladha, huyo hajawahi kungoja muda mrefu. Kina ladha. Nilikuwa nawaza simu inaita mahali ambapo hakuna mtu, nikawa natabasamu peke yangu nikikata karatasi.

Mpaka Jumamosi. Ulipigiwa simu ukiwa hapa, ukapiga kelele mpaka fundi viatu wa nje akadhani kuna nyoka. Ukanikumbatia, ukakimbia kwenda kuwaambia rafiki zako. Sijui kama ilipita saa nzima. Nikafungua barua pepe za duka, nikaikuta hii: "Ndugu Jovitha, tumejaribu kukupigia simu mara tatu bila mafanikio. Umechaguliwa kwa usaili siku ya Alhamisi. Tafadhali thibitisha kabla ya Jumatano saa sita mchana, vinginevyo nafasi yako itapewa mwombaji mwingine." Niliifunga. Jumapili sikuifungua. Kanisani Jovitha aliimba zaburi, akiwa bado hajui kitu, na mimi safari hii nilikuwa natazama moja kwa moja mbele. Jumatatu niliifungua mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na kila mara nilisema, keshokutwa saa sita itapita, na mimi sitakuwa nimefanya kitu kingine chochote. Muda ndio utakuwa umefanya.

Jumatatu hiyo hiyo wewe ulikuwa unafanya mazoezi ya usaili nyumbani, unajiuliza na kujijibu mbele ya kabati. Nikasikia unasema, "Naomba nieleze nilivyolijaza lile daftari." Kwa sauti iliyonyooka kabisa. Nikaona wewe unaenda kushinda mbio ambazo mwenzako amefungwa miguu, na aliyemfunga ni mimi. Nikaona siku moja mtu anasimama kwenye ukumbi fulani na kusema nafasi ile haikuwa yako, nawe huna nakala ya kuonyesha.

Leo asubuhi kabla umeme haujakatika niliichapisha ile barua pepe, nikapanda bodaboda mpaka kwa Felisiani. Nilimkuta anaanika maharage kwenye turubai. Amezeeka, mabega yameshuka.

"Felisiani," nikamwita.

"Speratha? Karibu, karibu. Konsolata, lete kiti!"

"Sikai."

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, hakuiweza.

"Ni ya Jovitha," nikasema. "Ameitwa kwenye usaili Alhamisi. Walimpigia hawakumpata, kwa sababu namba yake niliibadilisha. Sikukosea. Niliibadilisha nikijua. Athibitishe leo kwa hiyo anwani hapo chini."

Konsolata alikuwa amefika mlangoni na kiti. Hakukiweka chini, alikishikilia tu kifuani.

Felisiani aliikunja karatasi taratibu, mara moja, mara mbili. "Kwa nini umeileta basi?"

"Kwa sababu Odetha naye ameitwa," nikasema. "Mwanangu si mwizi. Sitaki aanze maisha na kitu cha wizi mkononi, hata kama aliyeiba ni mimi."

Akaitia karatasi mfukoni. Kuku akaingia kwenye maharage, hakumfukuza.

"Ile bahasha yako," akasema mwishowe, "niliifungua mchana, wenzangu wakiwa wanakula. Nilitaka tu kuona umeandika nini. Nilipoisoma nilijua kazi ni yako. Nilijua kabisa."

"Na wewe?" nikamuuliza Konsolata.

"Mimi nilijua ni ya mtu," akasema. "Sikujua ni yako mpaka uliposimama siku ile. Baada ya hapo nilikuwa naogopa hata kupita mbele ya duka lako. Juzijuzi pale dukani nilisema lile neno kwa sababu... sijui. Nilitaka kukusifu. Nilitaka tuanzie mahali."

"Tusamehe, Speratha," Felisiani akasema.

Hapo ndipo kwenye hadithi za watu mama analia na kukumbatiana nao. Mimi nilimwambia, "Hilo sikulijia. Nimeleta karatasi." Nikageuka. Nikasikia nyuma yangu Konsolata anaita, "Jovitha! Jovitha we! Njoo upesi!" Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha, na mimi, mwanangu, mpaka napanda pikipiki nilikuwa naichukia ile furaha. Dereva aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia endesha.

Kwa hiyo usidhani umeachiwa na mama aliyepona. Nimefanya lililonipasa, lakini roho bado inafukuta. Nilingoja maisha yangu yote karatasi ya Felisiani ipitie mikononi mwangu, ikapita, nikaiharibu, halafu nikaenda kuitengeneza mwenyewe. Ni wewe tu ungeweza kunifanya nifanye hivyo, wala hukujua. Nimesikia tayari kwamba Jovitha amethibitisha; baba yake alimtuma mtu kuja kuniambia, na sikumjibu.

Kesho utamkuta Jovitha stendi. Ndiyo, mtasafiri gari moja, maana la asubuhi ni hilo tu. Ukitaka kumwambia nilichofanya, mwambie; nadhani nyumbani kwao ameshaambiwa. Ukitaka kunichukia njia nzima mpaka Lusahunga, nichukie, nitaelewa. Lakini yeye usimchukie. Mkalishe karibu yako kama kiti kipo. Ana barua nzuri, nimeisoma, na atakusumbua kweli kweli mkifika mle ndani. Usimbeze hata kidogo.

Kisha ukiitwa, mwana wanje, mwanangu, ingia. Waambie ulichofanya kwa miguu yako na kwa kinywa chako, mbwa na wote. Usiongeze kitu, usipunguze. Na umshinde. Umshinde kwa haki, mchana kweupe, wakiwa wanakutazama, mpaka Felisiani asikie kutoka huku Ngara, asiwe na neno hata moja la kusema mlangoni.

Ni mimi niliyekuzaa,

Speratha